Joker, Freeze, Penguin, Kingpin: adui yupi umsome, yupi umcheze, yupi umtazame

Ubishi wa mabanda ya gemu, uwe Kijenge au Ngarenaro hapa Arusha, uwe Majengo au Pasua kule Moshi, hukwama mahali pamoja. Mmoja anaapa kwamba Joker wa kwenye gemu hana mpinzani. Wa pili anasema asiyesoma komiki hamjui Joker. Wa tatu amemaliza sizoni zote za Gotham na haambiliki. Wote wana hoja, ila kila mmoja anamsifia mtu mwingine mwenye jina lilelile. Adui wa komiki akihamishiwa kwenye gemu hubadilika tabia. Akipelekwa kwenye televisheni hubadilika tena, na wengine hufika huko wakiwa wamepungua nusu.

Kwa hiyo hapa hatuulizi kipi bora kati ya komiki, gemu na sizoni. Tunamchukua adui mmoja mmoja, wa Batman au wa Spider-Man, na kusema wapi amekamilika. Anayeshikilia kuwa yeye ni mtu wa gemu tu atamkosa Kingpin wa kweli, na anayetazama sizoni tu atamkosa Doctor Octopus. Baadhi ya miisho imetajwa humu, maana huwezi kumpima adui bila kusema alifikia wapi.

Bando, umeme na sevu

Kutazama mtandaoni kwa ubora wa kawaida hula takriban GB 1 kwa saa. Kwa HD hufika GB 3. Sasa piga hesabu. The Penguin ina vipindi 8 vya karibu saa moja kila kimoja, kwa hiyo GB 8 hivi zinakutosha. Daredevil ya Netflix ina vipindi 39, zaidi ya saa 30. Gotham ina vipindi 100 vya dakika zipatazo 43, yaani saa 70 na ushee, na kwa HD umeshavuka GB 200. Kwenye kompyuta, Batman: Arkham Asylum hutaka nafasi ya GB 9 hivi, Arkham City GB 17 na kidogo, Arkham Knight GB 45. Komiki ndiyo nyepesi kuliko vyote: toleo la pamoja lenye kurasa mia tatu na kitu ni MB mia kadhaa, na ukishalipakua unalisoma hata kwenye basi la kwenda Dar pasipo mtandao.

Wenye laptopu waelewe tofauti ya vizazi. Asylum ni ya 2009 na inakubali kwenye mashine ya kawaida yenye RAM ya GB 4 na kadi ndogo ya michoro. Knight ni habari nyingine: kiwango cha chini kabisa ni RAM ya GB 6 na kadi ya daraja la GTX 660 yenye kumbukumbu yake ya GB 2. Toleo lake la kompyuta lilitoka Juni 2015 likiwa na kasoro nyingi hivi kwamba liliondolewa sokoni, likarudishwa mwishoni mwa Oktoba mwaka huohuo. Nakala isiyo na marekebisho yaliyofuata hukwamakwama hata kwenye mashine yenye nguvu, na watu huishia kuilaumu kadi yao bure.

Wanaolipia kwa saa kwenye banda wana tatizo lao. Mabanda mengi yamepangwa kwa ajili ya mpira na gemu za ngumi: mechi ikiisha unampisha mwenzako. Gemu ya hadithi inataka saa 10 hadi 20, na hizi za Arkham hujisevu zenyewe kwenye nafasi chache. Akija mtu akaanzisha mchezo mpya juu ya nafasi yako, kazi yote imekwenda. Mwombe mwenye banda akufungulie yuza yako kwenye PS4, kisha ukae kwenye mashine hiyohiyo kila unapokwenda. Kama una akaunti ya PSN (mtandao wa PlayStation), nakili sevu kwenye flashi kabla ya kuondoka: ingia Settings, Application Saved Data Management, Saved Data in System Storage, halafu Copy to USB Storage Device. Sevu hiyo itafunguka kwenye mashine nyingine ukiingia kwa akaunti ileile tu. PS5 inakubali kunakili sevu za gemu za PS4, ila za PS5 zenyewe haikubali.

Halafu umeme. Alama ya popo ikionekana kwenye skrini, gemu inasevu, na umeme ukikatika sekunde hizo faili linaweza kuharibika. Stebilaiza haisaidii hapo. Kazi yake ni kutuliza umeme uliopo, haiutunzi. UPS ya VA 650 inatosha nyumbani: PS4 Slim haizidi wati 165 hata ikikazana, televisheni ya LED ya inchi 32 ni kama wati 50, na unabaki na dakika chache za kusubiri popo atoweke, utoke kwenye gemu, uzime kwa utaratibu.

Mr. Freeze: anza na katuni, malizia kwa pedi

Huyu ndiye anayeonyesha kuliko wote kwamba njia ya kusimulia humuumba adui. Alianza kwenye komiki Batman namba 121 mwaka 1959 akiitwa Mr. Zero, mwizi mwenye bunduki ya barafu, basi. Jina la Freeze lilitoka kwenye kipindi cha Batman cha televisheni cha miaka ya 1960. Kwa miaka 30 na zaidi hakuwa na sababu ya kuogopwa wala kuhurumiwa.

Septemba 1992 katuni ya Batman: The Animated Series ikarusha kipindi cha "Heart of Ice", kilichoandikwa na Paul Dini na kuongozwa na Bruce Timm. Ndani ya dakika 22 hivi, Victor Fries akapata mke, Nora, mgonjwa aliyegandishwa akisubiri tiba. Akapata bosi, Ferris Boyle, aliyelikatiza jaribio la kumwokoa. Akapata na mwili usioweza kuishi nje ya baridi. Kipindi hicho kilishinda tuzo ya Emmy ya uandishi, na komiki zenyewe zikaja kuifuata hadithi ya katuni. Ni nadra sana mtoto kumfundisha mzazi namna hiyo.

Nguvu yote imo kwenye sauti ya Michael Ansara. Hapandishi, hashushi, anatamka maneno ya msiba kama anayesoma orodha ya vifaa. Kwa sababu hiyo usitazame nakala iliyotafsiriwa juu kwa juu. Wanaotafsiri muvi hapa kwetu wana kipaji kikubwa, na kwenye ngumi na mbio wanaongeza raha, lakini sauti yao yenye moto ikikaa juu ya Freeze, baridi inakwisha na yeye anakwisha. Tafuta yenye maandishi chini.

Upande wa gemu, Arkham City ya 2011 ilimpa kitu ambacho katuni haikuwa na nafasi nacho, nacho ni akili ya mapambano. Kwenye pambano lake, kila mbinu inakubali mara moja tu. Ukimvamia kimyakimya kutoka nyuma, mara ya pili ataziba njia hiyo. Ukimtokea kwenye wavu wa sakafuni, ataugandisha. Wengi hufa hapa kwa kurudia kilichofaulu dakika moja iliyopita, maana adui wote waliotangulia waliwazoesha hivyo. Panga mbinu tano tofauti kabla ya kumgusa: nyuma kimyakimya, kutoka wavuni, kumshukia kwa kuelea, jeli ya mlipuko kwenye ukuta dhaifu, na umeme wa bunduki yako. Kati ya shambulio na shambulio, kimbia ujifiche ajipange upya. Ukibaki uwanjani unagandishwa.

Gemu inachukulia kwamba Nora unamjua tayari. Mpaka kuna kazi ya pembeni ya kumtafuta, nayo inaitwa "Heart of Ice". Asiyeiona katuni ataikamilisha bila kuhisi chochote. Kwa hiyo utaratibu ni mmoja: katuni kwanza, gemu baadaye. Komiki za Freeze unaweza kuziruka.

Joker: gemu, lakini si kwa sababu wanazozitaja wengi

Komiki ndiyo iliyomzaa, Batman namba 1 ya mwaka 1940, na komiki ndiyo iliyompa kitabu chake kinachobishaniwa zaidi, The Killing Joke ya Alan Moore na mchoraji Brian Bolland, 1988. Kurasa zake hazifiki hamsini, unaimaliza kwa kikao kimoja. Ndani yake Joker anampiga risasi Barbara Gordon na kumlemaza ili kumtia wazimu baba yake. Si ya watoto, tuseme wazi, na wapo mashabiki wengi, hasa wasichana, wanaolalamika kwamba Barbara ametumiwa kama kifaa cha kuwaumiza wanaume wawili, baba yake na Batman. Wana haki. Hata hivyo ndimo lilimo wazo lililombeba Joker tangu hapo: kwamba kumbukumbu yake mwenyewe haiaminiki, leo ni hii, kesho ni nyingine.

Kwenye televisheni, Gotham ilimchukua Cameron Monaghan acheze Jerome, kisha pacha wake Jeremiah, na jina la Joker halikutumika. Monaghan ni mwigizaji mzuri mno, na vipindi vya Jerome ndivyo vinavyoikoa sizoni hiyo kila inapolegea. Lakini unatazama mtu anayekuwa Joker bila kufika.

Gemu inashinda kwa sababu ya spika. Katika Asylum, Joker ameteka hospitali nzima ya vichaa na mfumo wake wa matangazo. Unatambaa kwenye bomba la hewa, yeye anaongea. Unahesabu walinzi wenye bunduki, yeye anawatukana walinzi haohao kwa kushindwa kukuona. Mark Hamill, aliyempa Joker sauti tangu ile katuni ya 1992, anakaa sikioni mwako saa kumi na zaidi, na baada ya muda unaanza kumjibu kwa sauti. Hakuna kipindi cha televisheni kinachoweza kukufanyia hivyo.

Dosari ya Asylum ni mwisho. Joker anajidunga dawa ya Titan na kugeuka dude kubwa la misuli, na pambano linakuwa la kawaida kabisa, kana kwamba waliotengeneza hawakumwamini adui wao aliyekuwa akitisha kwa mdomo tu. City ilirekebisha: humo anakufa kwa sumu ya dawa ileile. Knight, ya 2015, ikamrudisha ndani ya kichwa cha Batman, kwa kuwa damu yake ilikuwa imeshaingizwa mwilini mwa Batman. Kwa hiyo zicheze kwa mpangilio: Asylum, City, Knight. Origins ya 2013 ilitengenezwa na studio nyingine, Joker wake ni Troy Baker, na ingawa hadithi yake inatangulia kwa miaka, ukianza nayo unaharibu utamu wa Asylum. Iweke mwisho. Kwa PS4, Asylum na City zinapatikana pamoja kwenye Return to Arkham ya 2016.

Anayemtaka Harley Quinn arudi kwenye katuni. Hakuzaliwa kwenye komiki. Alitokea kwanza kwenye televisheni mwaka 1992 na kuingia komiki mwaka uliofuata. Hadithi yake bora, Mad Love ya 1994, ni komiki iliyoandikwa na wenye katuni wenyewe.

Penguin: saa 8 au saa 70?

Hapa uchaguzi ni kati ya sizoni mbili, maana kwenye Arkham City Penguin ni bosi mwenye bunduki na jumba la makumbusho, anafurahisha na anasahaulika.

Gotham, 2014 hadi 2019, inamwanzisha Oswald Cobblepot wa Robin Lord Taylor akiwa mshika mwavuli wa bibi mwenye genge, Fish Mooney. Anapanda kwa unafiki: anapiga magoti kwa huyu, anamuuza kwa yule. Sizoni ya kwanza ndiyo bora kwake, vipindi 22. Baadaye anapanda na kuanguka mara nyingi mno hadi anguko halina uzito tena.

The Penguin ya HBO, 2024, inamfuata Oz Cobb wa Colin Farrell kwa vipindi 8 na haipotezi hata kimoja. Kosa la kawaida ni kuianza bila kuiona filamu ya The Batman ya 2022. Sizoni inaanza wiki moja baada ya mafuriko ya filamu ile, Carmine Falcone ameshakufa, na hakuna atakayekueleza kwa nini mtaa wa Oz umejaa tope. Tenga saa tatu za filamu kwanza. Kipindi cha 4 kinamhusu Sofia Falcone karibu chote; usikiruke ukidhani kimetoka nje ya mada. Sofia wa Cristin Milioti, aliyeshinda Emmy kwa kazi hiyo, ndiye anayekufanya ugundue kwamba muda wote umekuwa ukimshangilia mtu mbaya. Na kipindi cha 8, kwa anachomfanyia kijana Victor, kinafunga mjadala wa kama Oz ana moyo. Gotham tumia kama una bando la kutosha na mvua za masika haziishi. Ukitaka kumjua Penguin, chukua ya HBO.

Kingpin na Doctor Octopus, wote wa mitaa ya Spider-Man

Wilson Fisk, yaani Kingpin, alitokea kwanza kwenye Amazing Spider-Man namba 50, mwaka 1967, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 Frank Miller akamhamishia kwa shujaa mwingine, Daredevil. Mahali pake ni televisheni. Daredevil ya 2015 inakuficha sura yake hadi mwisho wa kipindi cha 3: kwa saa tatu unasikia watu wakiogopa hata kulitamka jina, kisha unamwona Vincent D'Onofrio amesimama mbele ya mchoro mweupe, mwenye haya, hajui kuongea na mwanamke. Kipindi cha 8 kinakupeleka utotoni mwake, kwa baba na nyundo. Sizoni ya 3 imechota mengi kutoka komiki ya Born Again, 1986, ya Miller na David Mazzucchelli, ambamo Fisk anambomoa Daredevil kimyakimya: benki, nyumba, jina, marafiki. Komiki hiyo ni ya kusoma baada ya sizoni, kwa kulinganisha. Kwenye gemu ya Marvel's Spider-Man ya 2018, Kingpin ni bosi wa kwanza tu na anakwenda jela, asikuzuge.

Gemu hiyohiyo, iliyotengenezwa na Insomniac, ndiyo nyumba ya Otto Octavius, yaani Doctor Octopus. Ilitoka kwanza PS4, ikafika kompyuta 2022 ikitaka nafasi ya GB 75. Kwa zaidi ya nusu ya mchezo Otto ni bosi wako wa maabara, maskini wa ruzuku, mwenye ugonjwa unaomla mishipa ya fahamu, anayekusifu na kukujali. Wachezaji wenye haraka hufungua chaguo la kuruka mafumbo ya saketi na kukimbiza mazungumzo ya maabara ili warudi kupiga majambazi. Mafumbo ruka ukipenda. Mazungumzo usiyaruke hata moja. Pambano la mwisho halina ugumu wa kutisha vidoleni. Linauma kwa sababu ya zile saa za maabara, na aliyezikimbiza atashangaa wenzake wanalia nini. Ukimaliza na bado unamtaka, komiki za Superior Spider-Man zilizoanza 2013 zinaiweka akili ya Otto ndani ya mwili wa Peter.

Two-Face na Bane: hawa ni wa kusomwa

Harvey Dent, yaani Two-Face, kwenye gemu za Arkham ni mwizi wa benki mwenye sarafu. Kwenye The Long Halloween ya Jeph Loeb na Tim Sale, matoleo 13 ya 1996 na 1997, ni mwanasheria mwema unayemwona akipasuka taratibu, sikukuu moja baada ya nyingine, hadi tindikali ya mahakamani inapomalizia tu kazi iliyokwisha kuanza. Waliokulia na Sani na Kingo hawana cha kujifunza kuhusu kufuata visanduku. Wanachokosea kwenye simu ni kurasa pacha: mchoro ukivuka kurasa mbili, soma safu ya juu moja kwa moja hadi ukurasa wa kulia ndipo ushuke. Laza simu, ongeza mwanga, kwa kuwa Sale anachora kwa weusi mwingi na nusu ya ushahidi umefichwa kivulini.

Bane ni Knightfall ya 1993, alipomvunja Batman mgongo kwenye Batman namba 497. Uzuri wake ni mpango: anawafungulia wafungwa wote wa Arkham kwanza, anamwacha Batman ajichoshe nao, ndipo anakuja. Hadithi inapishana kati ya majarida mawili, Batman kuanzia namba 492 na Detective Comics kuanzia namba 659, toleo la hili kisha la lile. Anayesoma jarida moja hadi mwisho anapata nusu ya hadithi na kudhani imeandikwa vibaya. Nunua toleo la pamoja. Kwa gemu, Origins ndiyo pekee iliyomheshimu: humo anagundua Batman ni nani. Asylum ilimfanya gunia la kupigwa.

Riddler, kwa wenye subira tu

Huyu ni wa gemu, kwa kuwa fumbo lazima ulifumbue mwenyewe. Asylum ina changamoto zake 240, City 440 ukijumlisha 40 za Catwoman, Knight 243. Usiwinde moja moja kwa macho. Kwenye City na Knight, katikati ya kundi la wahuni kuna mmoja anayeng'aa kijani. Huyo muache wa mwisho, mbane aseme, na siri zitatokea kwenye ramani. Ukimzimisha kwa bahati mbaya, itabidi umsubiri mwingine. Vingi vya vikombe alivyovificha Riddler vinahitaji vifaa ambavyo hujapewa bado, kwa hiyo ukikwama kwenye kimoja zaidi ya dakika tano, kiweke alama uendelee na hadithi. Kwenye Knight, kazi saba za pembeni zinatosha kufungua mwisho wa kwanza, ila mwisho kamili unadai zote, na Riddler hakubali kukamatwa hadi vikombe vyake viishe. Asiye na muda huo afungue ule wa kazi saba na aanze gemu nyingine.